Talaka Mbele ya Kamera

Sehemu ya Saba

Mzee Hamdani tulimwacha kwenye baraza la nyumba yake, Ujiji, mdomo wazi, neno limeshatoka.

Skripti ilimtaka amtazame mkewe wa kwenye filamu aseme, "Zaituni binti Omari, nimekuacha." Yeye akamtazama mke huyohuyo, ambaye pia ni mkewe wa kweli, akasema, "Mwavita binti Selemani, nimekuacha."

Na Mwavita binti Selemani ndilo jina alilopewa na baba yake. Ndiye aliyeolewa na Hamdani wakati nywele za wote wawili zikiwa nyeusi tii, akamzalia watoto ambao sasa nao wana watoto.

"Kata," akasema Castory, kijana wa Gungu, mwongozaji wa filamu, kofia kaigeuza kisogoni. "Safi sana, Mzee. Sauti ile ilitetemeka yenyewe. Ila umekosea jina. Turudie kuanzia pale unaposimama."

"Asirudie," akasema Bi. Mwavita.

"Mara moja tu, Bibi. Jina likikaa sawa tunahamia jikoni."

"Nimesema asirudie. Happiness, mpe huyo mzee maji. Mdomo wake upate kazi nyingine."

Happiness, ambaye kazi yake ni kushika skripti na kuwakumbusha waigizaji maneno, akakimbilia mtungi. Mzee akanywa kikombe kizima bila kupumua, macho yakichungulia juu ya ukingo.

Hapo Bi. Mwavita akafanya jambo ambalo halikuwamo kwenye skripti. Akavuta upande wa kanga, ile ya njano yenye mikorosho, akajifunika nywele mpaka kwenye paji la uso, vilevile anavyojifunika akiingia mwanamume mgeni.

Mzee Hamdani alipoiona kanga ikishuka, kikombe kikamponyoka.

"Sijaelewa," akasema Castory. "Bibi, hii ni filamu."

"Kwenye filamu yako ameachwa nani?"

"Zaituni."

"Na hapa ametajwa nani?"

Castory akamgeukia Egide, mpiga kamera. Egide, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, akainua mabega. Wote watatu, pamoja na Happiness, ni wanakwaya wa kanisa moja, na kosa lilizaliwa hapo. Castory alipotafuta wazee wa kuigiza ndoa ya siku nyingi inayovunjika, aliwakataa waigizaji wote waliojitokeza. Alisema uso wa watu waliozoeana hauigiziki. Akachukua mume na mke wa kweli, Waislamu, akawapa tukio la talaka. Mtu wa Ujiji angeshtuka kabla kamera haijawashwa. Lakini kwa Castory ndoa inaishia kaburini, kwa hiyo talaka kwake ilikuwa maneno tu, kama maneno mengine.

Wazee nao walikubali kwa sharti moja: anayeachwa awe na jina la mtu mwingine. Sharti hilo ndilo Mzee Hamdani alilolivunja mbele ya watu.

"Talaka haina mzaha, mjukuu wangu," Bi. Mwavita akamwambia Castory. "Ukiitoa unacheka, imetoka. Ukiitoa unalia, imetoka."

"Hata kwenye kamera?" akauliza Egide.

"Kwenye kamera ndiyo mbaya zaidi. Itaonwa mpaka Dodoma."

"Mana yanje," akasema Egide, akimwita Mungu wake kwa Kirundi, na akaifunika kamera kwa kofia yake kana kwamba ndiyo iliyosema.

Aliyeitwa ni Maalimu Songoro. Msitegemee ndevu nyeupe. Ni kijana, anafundisha madrasa, na alishuka kwenye bodaboda helmeti ikiwa bado kichwani. Tena anapenda filamu kupita kiasi. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama anaweza kuliona hilo tukio.

Egide akamwonyesha. Maalimu akatazama, akatikisa kichwa.

"Umeigiza vizuri, Mzee."

"Nimemwacha au sijamwacha?" akauliza Hamdani.

"Ulipokuwa unasema, ulinuia nini?"

"Nilinuia kumaliza nikale."

Happiness akacheka, akajifanya anakohoa.

"Wako watakaokwambia mchezo ni mchezo," akasema Maalimu. "Mimi kwa tahadhari naihesabu. Umemtaja kwa jina lake na jina la baba yake, yuko mbele yako, na watu wanasikia. Ni talaka moja. Lakini moja ina dawa. Bibi atakaa eda humuhumu ndani. Wewe utamlisha, ila hamtachanganyika, na yeye hatavuka kizingiti kutoka nje pasipo dharura. Eda ikiisha hujamrejea, basi, kila mtu na lwake. Ukitaka kumrejea kabla ya hapo, unasema tu 'nimekurejea' mbele ya mashahidi, mnaendelea na maisha."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu." Kisha Maalimu akamnong'oneza Castory, "Na hiyo filamu inaishaje? Wanarudiana?"

"Mwisho bado sijaupata, Maalimu. Nilioandika haunipendezi."

Mzee Hamdani akapangusa mdomo kwa kiganja, akasimama wima. Ni fundi wa boti huyu, mabega yake bado mapana. "Basi tusipoteze muda. Mama Tausi, nime..."

"Subiri," akasema Bi. Mwavita.

Kila mtu akamgeukia.

"Baba Tausi, kabla hujaniacha leo ulinisifu. Ulisema mimi ni nguzo ya nyumba hii. Ukasema bila mimi usingejua mlango uko upande gani. Nikasimama pale na mwiko wangu, nikasahau kwamba naigiza."

"Maneno hayo kaandika Castory."

"Najua. Lakini yamepita kwenye mdomo wako, na mdomo haukupasuka. Kumbe unaweza. Mimi nilipokuzalia Tausi ulisema nini?"

Mzee akafikiri. "Nilisema kumbe msichana."

"Nikipika mgebuka, nikaupaka ndimu, nikaukaanga mkavu kama unavyotaka, unasema nini?"

"Nasema chumvi."

"Unasema chumvi. Sasa umetumia maneno mazuri kuniacha. Tafuta na ya kunirejea."

Maalimu Songoro akakohoa. "Bibi, kisheria hahitaji ruhusa yako."

"Najua, mwanangu. Anirejee hata sasa hivi. Ila akinirejea kama mtu anayevuta boti iliyofunguka kamba, kesho nitakuja kwako kuomba khului. Nitajivua mwenyewe kwenye ndoa hii, na hiyo haitakuwa filamu."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Mzee Hamdani, anayemjua, akaketi.

Maalimu akafunga mkanda wa helmeti. "Ningekuwa wewe, Mzee, ningefikiri kwanza."

Bi. Mwavita akahamia chumba cha Tausi, akashusha pazia mlangoni. Chumba hicho kinatazama baraza, na kati ya pazia na baraza kuna kizingiti cha mbao ambacho Hamdani mwenyewe alikichonga. Yeye akabaki barazani. Na kwa kuwa Maalimu alisema ni kazi ya mume kulisha, chakula cha siku ya pili kikapikwa na Mzee.

Akatwanga sombe, majani ya muhogo. Akasonga ugali wa muhogo mgumu wa kupigia mtu. Sahani ikapita chini ya pazia.

Kisha sauti kutoka ndani:

"Mawese yameungua."

"Ndiyo."

"Neno moja tu hilo?"

Mzee akakuna kichwa. "Ndiyo, yameungua."

Sahani ikarudi nje, imeliwa nusu.

Mchana huo Castory akaja na karatasi mkononi. Hakulala, macho mekundu. Filamu yake, aliyoipa jina Kila Mtu na Godoro Lake, ilikuwa imekwama: mke hatoki nje, mume hasemi, na mwisho haupo.

"Mzee, nimekuandikia. Ukisema haya, hata mawe yatalia."

"Mawe sina haja nayo."

"Soma tu, Mzee. Mimi nitakaa nyuma ya pipa la maji. Ukisahau nitakunong'oneza."

Basi Mzee Hamdani akajitengeneza mbele ya pazia, kofia kaiweka sawa, mikono kaishusha ubavuni kama mtoto anayeimbishwa wimbo wa taifa.

"Mwavita," akaanza. "Wewe ni mbalamwezi ya maisha yangu. Ukiangaza ziwa langu..."

Akasahau. Pipa likanong'ona.

"Ukiangaza ziwa langu, moyo wangu unacheza kama... kama dagaa."

Halafu kicheko, kile cha kuanzia tumboni.

"Mbalamwezi, Baba Tausi? Mbalamwezi hiyohiyo mliyokuwa mkiitukana pale ufukweni kwamba ikiwaka dagaa hawapandi, wavuvi hawatoki, na boti zako hazinunuliwi? Castory, toka nyuma ya pipa."

Castory akatoka, suruali imelowa magotini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe umezaliwa Kigoma kweli?"

"Gungu, Bibi."

"Basi muulize baba yako mbalamwezi inaleta nini nyumbani kwa mvuvi. Inaleta njaa. Nenda zako."

Mzee Hamdani akamnyang'anya Castory ile karatasi, akaikunja, akaitia chini ya mguu wa kiti kilichokuwa kinayumba. "Nendeni wote," akasema. "Na vyombo vyenu."

Wakaondoka, au ndivyo Mzee alivyoamini. Happiness alitangulia, Egide akafuata, Castory wa mwisho, na Castory alikuwa anatembea huku anageuka nyuma.

Mzee akaenda chooni, akarudi, akakivuta kiti karibu na pazia. Akakaa muda mrefu. Upande wa pili Bi. Mwavita alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Ulisikika ukirushwa na kushuka.

"Jina lile," akasema Mzee hatimaye.

Ungo ukatulia.

"Castory alinifundisha kutwa nzima. Zaituni, Zaituni. Nikikaa na Happiness nalisema vizuri. Lakini kukutazama wewe usoni, nikuite jina la mwanamke mwingine, mdomo umekataa. Sikusahau. Umekataa."

"Kila siku unaniita Mama Tausi."

"Hilo ni la watu wote. Hata muuza mkaa anakuita Mama Tausi. Lile lingine nilikuwa nalitumia kazini."

"Kazini unalitumiaje?"

Mzee akatazama viganja vyake. "Msumari wa boti unataka nyundo tatu. Ya kwanza kuuingiza, ya pili kuupeleka, ya tatu kuukalisha. Wenzangu walikuwa wanahesabu moja, mbili, tatu. Mimi nilikuwa nasema Mwa, vi, ta. Moyoni. Boti zote nilizounda, Mama Tausi. Kuanzia ile ya kwanza ya Ilagala."

Ndani ungo ukawekwa chini.

"Na yale maranda niliyokuwa nakuletea ya kuwashia moto. Ulidhani nazoa tu. Nilikuwa nachagua. Mbao nyingine moshi wake unakuwasha macho, nilikuona mara moja unalia jikoni, ukasema ni kitunguu. Hakikuwa kitunguu. Tangu siku hiyo nikawa nachagua."

Alikuwa amesema maneno mengi kuliko ya mfungo mzima wa Ramadhani, na jasho lilimtoka.

Nyuma ya pazia pua ilivutwa, mara moja.

"Hiki nacho si kitunguu," akasema Bi. Mwavita. Kisha, "Kamwite Maalimu. Aje na shahidi mwingine."

Wasomaji, Mzee Hamdani hakutembea. Pamoja na goti lake bovu, alikimbia mpaka kwenye kona ya madrasa, kofia mkononi, na wanawake waliokuwa wanaanua dagaa kwenye vichanja wakamsindikiza kwa vigelegele bila kujua kuna nini.

Maalimu Songoro akaja palepale, na kwa kuwa shahidi wa pili hakupatikana haraka akamshusha dereva wake wa bodaboda, kijana aitwaye Ismaili wa Mwandiga, ambaye aliuliza kama akitoa ushahidi atakosa abiria.

"Ni neno moja tu," akasema Maalimu. "Mzee, simama hapa. Bibi, fungua pazia kidogo ili ujulikane ni wewe."

Pazia likasogea. Bi. Mwavita alikuwa amebadili nguo. Amevaa gauni la Idi, lile la kijani, na wanja amepaka, ingawa ulikuwa umeanza kuteleza. Mzee Hamdani alimtazama kama mtu anayeonyeshwa boti iliyomalizika kupakwa rangi.

"Haya," akasema Maalimu. "Sema."

Mzee akavuta pumzi.

"Lile tenga," akasema Bi. Mwavita.

"Tenga gani?"

"Lile hapo ukutani. Mimi matenga yangu nayalaza kifudifudi yakauke. Nani kalilaza ubavu, mdomo ukinitazama mimi?"

Wote wakageuka. Tenga la dagaa lilikuwa limelala ubavu kwenye pembe ya baraza, limefunikwa na kipande cha wavu. Ndani yake, katikati ya giza, kulikuwa na kidoa chekundu kinawaka.

Ismaili wa bodaboda ndiye aliyekwenda kulifunua. Akatoa kamera, akaishika kwa vidole viwili kama anayeshika panya.

Kutoka nyuma ya choo cha jirani akajitokeza Castory, mikono juu, Egide na Happiness nyuma yake. Egide alikuwa anafuta machozi.

"Bibi, nisamehe," akasema Castory. "Nilikuwa natafuta mwisho. Sijawahi kusikia mwisho kama ule. Ile nyundo tatu, Bibi, Happiness amelia mpaka kashindwa kusimama."

Bi. Mwavita hakumtazama. Alikuwa anamtazama mumewe, na ile kanga aliyokuwa ameilegeza kichwani akaivuta tena mbele.

"Kwa hiyo na hayo yalikuwa ya filamu."

"Sikujua," akasema Mzee Hamdani.

"Umevuta kiti karibu. Umesema bila kusahau hata neno."

"Mama Tausi, sikujua."

"Hakujua, Bibi, naapa," akasema Castory. "Ni mimi. Mzee alitufukuza wote. Nilirudi kinyemela nikaitega alipokwenda kujisaidia."

"Futa," akasema Maalimu kwa sauti ambayo wanafunzi wake wa madrasa wanaijua. Egide akabonyeza, akaionyesha: hakuna kitu tena. Happiness alitoa mguno mdogo wa uchungu.

Bi. Mwavita akalipima jambo hilo. Uso ukaanza kulegea, kidogo kidogo. Naye alikuwa anataka kuamini, mtu yeyote angeona. Lakini alikuwa ameshatahayari mbele ya watu, na mtu aliyetahayari hutaka kitu kidogo cha nyongeza.

"Sawa," akasema. "Kama ni ya kweli, yako moyoni na hayajaisha. Kamera imezimwa. Mashahidi wapo. Rudia."

Neno lile likaanguka pale barazani. Castory mwenyewe, ambaye amelisema mara zisizohesabika, alikunja uso aliposikia.

Mzee Hamdani akaivua kofia. Akaipangusa. Akaivaa tena.

"Hapana," akasema.

"Nini?"

"Sirudii. Jana nilisema mara moja kwa makosa, nikapoteza mke. Leo nimesema mara moja kwa kweli, naambiwa nirudie. Mimi si redio, Mwavita." Alilitaja jina lile mbele ya watu wote, na sauti ikamkatika. "Yale ndiyo niliyokuwa nayo. Sikuyaandikiwa, na mengine sina. Kama hayakutosha, eda na iishe yenyewe."

"Mzee," akasema Maalimu haraka, "neno lenyewe la kurejea bado hujalisema."

"Najua sijalisema."

Akashuka ngazi za baraza. Akapita kati ya Egide na Happiness, wakampisha. Akashika njia ya ziwani, mgongo umenyooka, wala hakugeuka, goti bovu likivutwa.

"Baba Tausi," akaita Bi. Mwavita.

Mzee akaendelea kutembea.

"Hamdani."

Alisita hatua moja. Akaendelea.

Bi. Mwavita akainua gauni la kijani mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akatazama kizingiti. Akamtazama Maalimu Songoro. Mguu wa kulia ukainuka, kandambili ikaning'inia kwenye kidole, ukapita juu ya mbao, ukabaki hewani upande wa nje.

"Maalimu," akasema, "hii ni dharura au si dharura?"

Maalimu Songoro, mwenye umri wa kuweza kuwa mjukuu wake, akachukua helmeti yake, akaivaa, akashusha kioo, na nyuma ya kioo hicho akafumba macho yote mawili ili asije akaulizwa aliona nini.